Mguu umegoma baada ya upasuaji wa uzazi, vipimo safi: ni mawazo au ni neva?

Tabibu_Uyole

Habari za zamu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya neva, hasa waliozoea wodi za wazazi.

Mama wa miaka 23, uzazi wa kwanza, kaletwa kutoka zahanati ya mlimani baada ya uchungu wa zaidi ya saa 18, kichwa cha mtoto kimekwama. Kafanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo, bupivakaini nzito ya 0.5%, ml 2.2. Mtoto mzima. Mguu wa kushoto ulirudi ndani ya saa 3. Wa kulia hadi leo, siku ya 3, hauinuki kitandani. Anasema "umekufa". Ganzi anaisikia mguu mzima, inaanzia kwenye kinena na imekata kama pindo la kaptula.

Mpira wa mkojo umetolewa jana, anakojoa na anasikia haja. Presha 118/76, hana homa, mgongo hauumi. Magnesia (dawa ya kifafa cha mimba) hakupewa. Hb (wingi wa damu) 10.1, potasiamu ya kawaida, chembe sahani za kutosha.

Kwenye faili raundi ya jana imeandikwa neno moja tu: histeria. Mama mkwe anasema sindano ya mgongo imemharibu. Mume anasema kuna mkono wa mtu. Shangazi anataka ruhusa wampeleke kwenye maombi ya kufunga siku 3. Mgonjwa mwenyewe analia tu.

Maswali yangu: hofu inaweza kweli kuuzima mguu baada ya upasuaji? Nawezaje kuthibitisha nikiwa na nyundo ya rifleksi na mikono yangu tu? Na nikishathibitisha, ndugu nawaambiaje?

---

Kaputi_na_Ganzi

Kabla ya kufika kwenye hofu, tusafishe kwanza upande wa sindano, maana huku ukikosea huna nafasi ya pili.

Ml 2.2 ya 0.5% ni mg 11, dozi ya kawaida kabisa kwa upasuaji wa uzazi. Nguvu za miguu hurudi kati ya saa 2 na 4. Mwongozo wa Uingereza wa 2020 kwa wajawazito unatumia saa 4: zikipita tangu sindano na mama hawezi kuinua mguu ulionyooka, mtu wa usingizi anaitwa saa ileile, hata kama ni saa 9 usiku. Kwa hiyo swali lako lilipaswa kuulizwa siku ya upasuaji, siyo siku ya 3. Simlaumu mtu, lakini wekeni hilo kwenye fomu ya uangalizi wodini: "anainua mguu ulionyooka, ndiyo/hapana", kila saa.

Tunachokiogopa ni damu kuvilia ndani ya uti wa mgongo na kuubana. Huyo kwa kawaida miguu yote miwili imegoma, au ilirudi kisha ikapotea tena, mgongo unauma, mkojo umeziba au unatoka bila habari, na ganzi ipo sehemu anayokalia. Akiwa hivyo ni rufaa ya haraka kwenye MRI (picha ya ndani ya mgongo) na kwa mpasuaji, maana zikishapita saa 8 hadi 12 matumaini ya mguu kurudi yanapungua sana. Wa kwako ana mguu mmoja, mkojo mzuri, mgongo kimya. Hiyo inanipa unafuu ila haifungi faili. Angalia haya leo:

Fomu ya usingizi: sindano iliingia kati ya pingili zipi, mara ngapi, na je, alipiga kelele kwamba umeme umeshuka mguuni? Mguu upi? Kama ni wa kulia, nyuzi ya neva inaweza kuwa imeguswa.

Dawa ya kuzuia damu kuganda: alipewa saa ngapi baada ya sindano?

Magnesia umeshajibu, ila nairudia kwa wengine wanaosoma. Mama wa kifafa cha mimba akiwa kwenye magnesia halafu mwili mzima umelegea, gonga goti. Rifleksi ikiwa imepotea, simamisha dawa, hesabu pumzi, na kalsiamu glukoneti ya 10% ml 10 iwe mkononi. Wapo walioitwa "wamezubaa kwa uchovu" kumbe dawa imezidi.

Na kitu cha huku kwetu kwenye baridi: ndugu asiweke chupa ya maji ya moto kwenye mguu usiohisi. Malengelenge yake hayaonekani mpaka ngozi imeshatoka.

---

Mzee_wa_Kyela

Mnazunguka sana. Huyo anatafuta huruma ya mume. Mwambieni leo ni siku ya kwenda nyumbani muone kama hatasimama.

---

Neva_Mbeya

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Anayeigiza anajua kuwa anaigiza. Huyu akiutuma mguu hauendi, na yeye mwenyewe anashangaa na kuogopa. Hata picha za ubongo unapofanya kazi haziko sawa kwa mtu mwenye hali hii na mtu aliyeombwa aigize kupooza.

Tabibu, swali la kwanza: ndiyo, inawezekana, na upasuaji ni mojawapo ya vichochezi vinavyojulikana. Huhitaji kumwazia siri nzito. Mtu kalala, kiwiliwili cha chini kimezimwa kwa dawa, anausikia mguu kama gogo la mtu mwingine, na ana hofu ya kufa. Ubongo unaendesha mwili kwa kukisia, unatabiri mguu utakuwaje kabla ya kuutuma. Utabiri wa "mguu haupo" ukishika wakati wa hofu, ganzi inaweza kuondoka na utabiri ukabaki. Kila anapoukazia macho na kuujaribu unazidi kugoma, maana umakini ndio unaolisha tatizo.

Ndiyo maana kitabu cha uainishaji cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, kiliondoa sharti la kutafuta msongo kabla ya kutoa jina la ugonjwa. Wapo wenye msongo mkubwa, wapo wasio nao. Na kuwa na msongo hakuthibitishi chochote. Mama gani aliyekaa na uchungu saa 18 asiwe nao? "Histeria" ya kwenye faili yako haina thamani kama chini yake hakuna dalili iliyopimwa. Vipimo safi navyo havithibitishi. Kinachothibitisha ni kuuonesha mguu ukifanya kazi pale mgonjwa asipouwazia.

Kipimo cha Hoover, kimeelezwa tangu 1908, kinafanyika hivi. Alale chali. Ingiza kiganja chako chini ya kisigino cha mguu mgonjwa, wa kulia. Mwambie akandamize kisigino kitandani. Kwa huyu utahisi karibu hakuna kitu. Usitoe kiganja. Weka mkono wako mwingine juu ya paja la kushoto, mwambie ainue mguu wa kushoto ukishindana naye, na fikra zake zote zielekee kushoto. Mtu akiinua mguu mmoja, wa pili hujikandamiza chini wenyewe ili kumshikilia. Kiganja chako kilicho chini ya kisigino cha kulia kikibanwa kitandani, amri inafika na misuli inaitika, isipokuwa njia ya kutuma kwa makusudi ndiyo iliyojifunga.

Kinapokosewa: maumivu. Huyu ana kidonda cha tumbo siku ya 3, akiinua mguu tumbo linavuta. Mpe dawa ya maumivu dakika 45 kabla, na akunje kanga aishikilie juu ya kidonda. Kama bado anaumia, tumia kipimo cha kutanua nyonga: mwambie atanue mguu wa kushoto kwenda nje ukimzuia, huku umeweka mkono ubavuni mwa mguu wa kulia. Mguu wa kulia ukijikaza kwenda nje wenyewe, jibu ni lilelile. Kosa la pili ni kutokueleweka. Kama Kiswahili chake siyo cha kila siku, mpate muuguzi anayesema Kinyiha au Kindali, vinginevyo unapima lugha.

Halafu rifleksi za goti na kifundo pande zote mbili, na unyayo uukwaruze uone kidole gumba kinakwenda wapi. Pima kila kundi la misuli peke yake, usiishie kwenye "mguu hauinuki". Lete majibu.

---

Tabibu_Uyole

Ahsante sana Dokta. Nimefanya baada ya paracetamoli na kanga.

Hoover: akikandamiza kwa makusudi, hakuna kitu. Akiinua wa kushoto, kiganja changu kimebanwa barabara, nimerudia mara 3. Kutanua nyonga vilevile. Goti na kifundo vinaruka sawasawa pande zote. Kidole gumba cha kushoto kinakwenda chini, cha kulia hakionyeshi kitu.

Kinachonisumbua ni unyayo. Kuuinua kuelekea muundini hawezi, hata nikimchezea akili. Na nikimgusa kwa pamba bila kumwambia nafanya nini, paja anaruka, lakini upande wa nje wa muundi na juu ya unyayo haruki kabisa. Fomu ya usingizi: sindano mara 1, hakuna umeme ulioshuka.

---

Neva_Mbeya

Hapo ndipo ungenasa kama ungeandika "ya kisaikolojia" na kuondoka. Mguu mmoja una vitu viwili.

Kichwa cha mtoto kilichokwama saa nyingi hukandamiza shina la neva linalopita kwenye ukingo wa nyonga, la pingili za kiuno za L4 na L5. Likiumia, unyayo unaning'inia, na ganzi inakuwa palepale ulipoikuta. Neva hiyo inaweza pia kubanwa chini zaidi, nje ya goti, mama akichuchumaa au kushikiliwa magoti muda mrefu. Tofautisha kwa kumwambia ageuze unyayo kwenda ndani. Ikiwa dhaifu, tatizo liko juu kwenye nyonga. Ikiwa na nguvu, liko kwenye goti.

Kisha mthibitishe unyayo wenyewe. Asimame katikati ya watu wawili, msukume kifuani taratibu sana kwenda nyuma. Mwenye neva nzima vidole vya miguu vitainuka vyenyewe na kano za mbele ya kifundo zitasimama chini ya ngozi kama kamba. Zikisimama kushoto tu, unyayo wa kulia ni neva.

Yaani udhaifu wa chini ni jeraha la kweli, na juu yake ubongo umeongeza udhaifu wa mguu mzima. Mchanganyiko huu ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani: jeraha dogo ndilo linalompa ubongo mahali pa kushikia. Ya neva kwa kawaida imebanwa tu, haikukatika, na wengi hurudi ndani ya wiki hadi miezi michache. Kipimo cha umeme wa neva kina maana baada ya wiki 3 hivi, usimsafirishe leo kwa ajili hiyo. Andika kwenye faili vyote viwili, kila kimoja na dalili yake.

---

Mazoezi_Iringa

Kamwene. Mwanzeni leo jioni, siyo kesho. Kila siku anayolala ubongo unazidi kuamini, na kigimbi cha aliyejifungua juzi hakihitaji donge la damu. Kimoja kikivimba na kuuma, acha mazoezi, mwite daktari.

Kwa sehemu ya juu: usimwambie "inua mguu". Mpe kazi ambayo mguu ni njia tu. Akae ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, mtoto apewe bibi upande wa kushoto ili mama ageuke kumtazama, uzito utahama wenyewe. Kisha asimame, mikono juu ya meza, siyo juu ya mabega ya watu. Ayumbe kushoto na kulia. Wengi huku ni wanakwaya, mwambie ayumbe kama wanavyoyumba kanisani wakisubiri kiitikio, na aimbe kweli, sauti itoke. Dakika 5. Ukiona goti la kulia limebeba uzito, nyamaza, usipige makofi, maana makofi yanamrudisha kuutazama mguu. Kutoka hapo hatua 4 kwenda kinyumenyume, watu huziweza kabla ya za mbele kwa sababu kutembea kinyume hakuna mazoea yaliyoharibika. Mara 4 kwa siku, dakika 10, zinamfaa kuliko saa nzima mara moja.

Usimpe magongo wala kiti cha magurudumu kwa sehemu hii. Na msimbebe, ndugu wanabeba kwa upendo na wanachelewesha.

Kwa unyayo sheria ni tofauti, huo ni neva. Ukiachwa unaning'inia kano ya nyuma ya kisigino itajikunja. Mchana kiatu chenye kisigino imara, siyo ndala, ndala zinamkwaza. Usiku tegemeza unyayo kwa mto mgumu ubaki wima. Vuta unyayo kuelekea muundini kwa kanga, sekunde 30, mara 5, asubuhi na jioni. Mweleze kabisa kwamba kitegemezi ni cha unyayo tu.

---

Afya_ya_Akili_Nyanda

Swali lako la tatu, la ndugu. Acheni neno "mawazo". Kwa Kiswahili chetu linabeba mambo mawili, kuwaza kwa uchungu na kujibunia, na mgonjwa atasikia la pili. "Huna ugonjwa" ni baya zaidi, maana mguu anauona.

Mnachofanya ni kuwaonesha. Mwite mume, weka kiganja chake chini ya kisigino cha kulia, urudie kipimo kilekile. Akihisi mkono wake unabanwa hutahitaji hotuba. Kisha sema: "Shemeji, umesikia? Nguvu ipo. Maji yamejaa tangini, bomba zima, koki ndiyo imejifunga. Imejifunga kwa sababu ya ganzi, uchungu mrefu na hofu, siyo kwa kupenda kwake. Mazoezi ndiyo yanayoifungua. Unyayo ni jambo jingine, neva ilibanwa na kichwa cha mtoto, nayo inapona taratibu." Mama mkwe naye apate jibu lake hapo hapo: jeraha la neva haliko pale sindano ilipoingia.

Kuhusu mkono wa mtu, usibishane, utashindwa na mgonjwa ataondoka. Maombi kitandani kwake sawa, mchungaji aje. Kinachokataliwa ni kufunga kula na kunywa kwa mama anayenyonyesha mwenye Hb 10, kuchanjwa mguu, na kukandwa kwa maji ya moto. Sema hivyo, kwa sababu hizo, kwa upole na bila kupepesa macho.

Usimchimbe siku ya kwanza kutafuta kisa cha utotoni. Uliza yaliyo karibu: pale mezani alisikia nini, aliogopa nini, nani alimwambia nini. Wengine walisikia kisu kikivuta wakadhani ganzi imegoma. Mweleze kwamba kusikia kuvutwa bila maumivu ni kawaida. Pima sonona kwa maswali 10 ya Edinburgh, alama 13 na kuendelea mlete kliniki, na swali la 10 la kujidhuru likijibiwa ndiyo, hata kwa "mara chache", halisubiri. Diazepamu haitibu mguu huu. Itamlegeza na kumlaza, na itapita kwenye maziwa imlaze na mtoto.

---

Njombe_Mjini

Naomba nidandie. Wodini kwetu mama katolewa goita juzi. Leo midomo inamwasha kama sisimizi, vidole vya mikono vimekakamaa kwa kukutana ncha. Ameambiwa ni wasiwasi, apumulie kwenye mfuko.

---

Kaputi_na_Ganzi

Toa mfuko sasa hivi. Baada ya kutolewa goita hiyo ni kalsiamu imeshuka mpaka ithibitishwe vingine, kwa kawaida siku ya 1 hadi ya 3. Kupumua haraka kwa hofu kunaleta picha ileile, ndiyo maana wengi wanateleza hapo. Funga mkanda wa presha mkononi, upandishe 20 juu ya presha ya juu, subiri dakika 3: kiganja kikijikunja, usingoje maabara. Chukua damu, kisha kalsiamu glukoneti ya 10% ml 10 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ukisikiliza moyo. Isivuje nje ya mshipa, inaozesha nyama.

Na mkikuta wa shingo imepinda na macho yamekwama juu, tazama chati ya dawa kabla hujasema kapagawa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika hufanya hivyo kwa vijana ndani ya siku 1 au 2. Prometazini mg 25 ya sindano, mara nyingi shingo inarudi mbele ya macho yako.

---

Tabibu_Uyole

Mrejesho. Kano za kushoto zimesimama, za kulia hazikusimama, na kugeuza unyayo ndani ni dhaifu. Mume alipohisi kisigino kikimbana mkono alicheka kwa mshangao, mgonjwa naye akacheka kwa mara ya kwanza. Jioni kayumba na wimbo dakika 5, goti limebeba. Leo hatua 6 kinyumenyume na 3 mbele. Unyayo bado. Shangazi kakubali mchungaji aje wodini.

Wanatoka Ijumaa, safari ni Kosta hadi Ileje. Kuna la kuangalia njiani?

---

Mazoezi_Iringa

Siti ya mbele yenye nafasi ya kunyoosha goti. Asikunje nne wala asibanwe na mzigo nje ya goti la kulia, ndipo neva ileile inapopita juujuu. Viatu vya kufunga vivaliwe hapo wodini kabla ya kutoka. Gari likisimama, ashuke atembee hatua 20 mwenyewe, mume awe na mtoto, siyo na mkono wa mkewe. Mrudisheni baada ya siku 7, na hiyo tarehe iandikwe kwenye kadi ya mtoto, ndiyo kadi isiyopotea.